Cheti kinasema maji ni safi, mbona walaji wa chaza wameugua?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa chaza. Tuna mistari minne ya kufugia kwenye mkono wa bahari, na kijito kidogo kinaingia upande wa juu. Kila mwezi tunachota chupa moja ya maji na kuipeleka maabara, na mwaka mzima jibu halijawahi kuzidi kolifomu za kinyesi 14 kwa mililita 100. Wiki iliyopita, siku tatu baada ya mvua kubwa, tulivuna kama kawaida. Watu kadhaa waliokula chaza wabichi wakaanza kutapika na kuharisha kesho yake usiku. Je, maabara inatudanganya? Na tufanye nini tuyajue maji yetu kwa kweli?"

Marahaba, na poleni, nyinyi pamoja na walioumwa.

Nianze na maabara, maana lawama ikienda pasipo pake tiba haipatikani. Sioni dalili kwamba imewadanganya. Naamini kila chupa mliyoipeleka ilikuwa na maji safi. Shida ni kwamba kila chupa ilieleza hali ya asubuhi moja, mahali pamoja, nanyi mkaichukua kuwa jibu la mwezi mzima kwa mistari yote minne. Maji ya bahari hayatulii kama maji ya mtungi. Yaliyopita kwenye chaza wenu saa mbili asubuhi siyo yaliyopita saa nane mchana, na ya siku ya tatu baada ya mvua ni maji mengine kabisa.

Chaza naye hachagui. Mkubwa mmoja huchuja lita kadhaa za maji kwa saa anapokula, akibakiza kila chembe anachoweza kukinasa, vijidudu vikiwemo. Ndiyo maana nyama yake inaweza kubeba bakteria na virusi kwa wingi unaozidi mara nyingi ule wa maji yanayomzunguka. Samaki tunamtumbua na kumpika. Chaza analiwa mzima, utumbo na vyote, mara nyingi mbichi. Kazi hii ya kupima maji ilizaliwa kutokana na hilo: majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliyobebwa na chaza iliwapata watu wapatao 1,500 katika miji ya Marekani, New York na Chicago ikiwemo, na takriban 150 wakafa. Mwaka huohuo wa 1925 nchi hiyo ikaanzisha mpango wa taifa wa usafi wa chaza na jamaa zake. Mwaka 1988 mjini Shanghai, kombe, jamaa wa chaza, waliotoka kwenye maji yenye kinyesi walisababisha homa ya ini aina ya A kwa watu karibu 300,000. Nayataja haya ili muone kwamba anayechota chupa ile kila mwezi anashika afya za watu asiowajua.

Sasa tuje kwenye hiyo 14 yenu ya kolifomu za kinyesi, yaani bakteria wa utumboni wanaoashiria kwamba kinyesi kimeingia majini. Inatoka kwenye mpango huo wa Marekani, na mmeishika nusu. Kanuni haisemi kila chupa iwe chini ya 14. Inasema wastani wa kijiometri, au namba ya katikati, wa sampuli zisizopungua 30 za kituo kimoja usizidi 14, na papo hapo asilimia ya 90 ya sampuli hizo, yaani kiwango ambacho sampuli 90 kati ya 100 hazikipiti, isizidi 43, ikiwa maabara inatumia njia ya mirija mitano, nitakayoieleza mbele. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja, na la pili ndilo linalofichua siku mbaya. Nyinyi mna sampuli 12 za kituo kimoja. Bado hamjafika mahali pa kusema lolote.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Chukua matokeo matano: 2, 4, 8, 13 na 230. Ukijumlisha na kugawa kwa tano unapata zaidi ya 51, kwa kuwa ile siku moja imemeza nne zilizobaki. Kwa hiyo bakteria hatuwahesabu hivyo. Tunachukua logi ya kila namba, tunatafuta wastani wa logi hizo, kisha tunaurudisha kuwa namba ya kawaida: hapa inakuja kama 11. Kumi na moja ni chini ya 14, na hapo wengi hushangilia. Lakini asilimia ya 90 hupatikana kwa kuongeza kwenye wastani wa logi mara 1.28 ya mchepuko sanifu wake (kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika), na ukifanya hivyo inakuja karibu 117. Ukomo ni 43. Maji hayo yamekataliwa, na yamekataliwa kwa haki, kwa sababu mlaji hali wastani. Anakula chaza wa siku fulani, na siku hiyo inaweza kuwa ile ya 230.

Hiyo 230 kwenye vitabu vyenu haipo. Swali langu kwenu ni hili: haipo kwa sababu haijawahi kutokea, au kwa sababu hamjawahi kutoka na chupa siku inapotokea?

Niwasimulie jambo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikabidhiwa kituo kimoja chenye rekodi nzuri ajabu, mwaka hadi mwaka, namba za chini tupu. Siku ya kwanza nilipotoka na nahodha, tulikaa ufukweni karibu saa mbili tukingoja. Nikamuuliza tunangoja nini. Akanionyesha fungu la mchanga mbele ya mlango wa hori: mashua yake haikuweza kulivuka mpaka maji yajae. Nikafungua daftari la zamani na kulinganisha tarehe na saa na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Kila sampuli iliyowahi kuchukuliwa pale ilichukuliwa maji yakiwa yamejaa, bahari ya nje ikiwa imeingia na kuzimua kila kitu. Maji yanayotoka juu, yale ya kupwa, yanayobeba kilichotoka kwenye vijito na mashimo ya choo, hakuna aliyewahi kuyagusa. Tulirudi siku nyingine maji yakiwa yanapwa, tukatembea kwa miguu, viatu vikizama kwenye tope, na jibu la siku ile halikufanana na lolote lililokuwa kwenye daftari. Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Fungu la mchanga ndilo lililokuwa likichagua sampuli.

Kwa hiyo kabla ya chupa, kuna miguu. Kazi ya kwanza ya kulijua eneo la chaza ni kuikagua pwani yake, hatua kwa hatua, maji yakiwa yamepwa sana wakati wa bamvua, ili kilichojificha kionekane. Mtafute bomba linalotoka chini ya ukuta. Tazameni majani mabichi yaliyonawiri peke yake katikati ya majani makavu, kwa maana pale mara nyingi kuna shimo la majitaka linalovuja. Mzizi unapenda maji na mbolea. Angalieni mahali mifugo inaposhukia kunywa, mahali ndege wa baharini wanapolala kwa mamia, na mahali vyombo vinapotia nanga watu wakiwa wanalala ndani. Kipandeni kile kijito mpaka juu, maana mnachokiita kidogo ndicho mtuhumiwa wangu wa kwanza. Kila mnachokiona kiwekeni kwenye ramani, hata mchoro wa mkono, pamoja na umbali wake hadi mstari wa karibu na njia ambayo maji yanapita yakipwa.

Mkishakuwa na ramani hiyo, vituo vinajichagua vyenyewe. Kimoja kiwe kwenye mdomo wa kijito, kimoja kwenye mstari ulio karibu nacho zaidi, kimoja kwenye mstari wa mbali kuelekea bahari kuu. Mkilazimika kupunguza, punguzeni cha mbali. Kinafurahisha lakini kinafundisha kidogo.

Mvua inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu humo ndimo naamini ajali yenu ilimo. Wakati wa kiangazi kinyesi cha watu na wanyama hukaa juu ya ardhi, kwenye mitaro na kwenye mashimo. Mvua kubwa ya kwanza inayafagia yote kwa mara moja. Mashimo hujaa na kufurika, mitambo ya majitaka huzidiwa na kumwaga yasiyosafishwa. Maji hayo ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayachanganyiki papo hapo. Yanaelea juu kama utando, yakisukumwa na upepo na mkondo. Yana rangi ya udongo, na udongo huo unakinga bakteria dhidi ya jua. Katika maji maangavu, jua kali linaweza kuua sehemu kubwa ya E. coli, bakteria wa kinyesi aliye mmoja wa kolifomu hizo, ndani ya saa chache. Katika maji ya tope wanaishi siku kadhaa, na wanaozama kwenye matope ya chini wanaishi zaidi, wakingoja kutibuliwa.

Ndani ya chaza mambo yanakwenda kwa saa yake. Chumvi ikishuka sana, chaza hufunga kombe na kuacha kuchuja. Mnadhani amejikinga, na kwa kiasi ni kweli, lakini alichokwisha kumeza amekifungia ndani, wala hajisafishi mpaka afungue tena. Maji yanaweza kusafika siku ya tatu huku nyama bado ina mzigo. Hapo chupa ya maji itawapa jibu zuri na chaza atawaumiza walaji.

Ndiyo maana mimi nataka vyote viwili, maji na nyama. Nchi za Umoja wa Ulaya hupanga madaraja ya maeneo kwa kupima nyama: eneo la daraja A, ambalo chaza wake wanaweza kuuzwa kuliwa moja kwa moja, angalau sampuli 80 kati ya 100 ziwe na E. coli wasiozidi 230 kwa gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya kombe, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kupita 700. Daraja B hufika 4,600 kwa sampuli 90 kati ya 100, na chaza wake lazima wasafishwe kwanza kwenye matangi au wahamishiwe maji safi. Maji hueleza hatari inakotoka na inavyosafiri, nyama hueleza kitakachofika kinywani. Kama uwezo wenu ni mdogo, pimeni maji mara kwa mara na nyama kila baada ya mvua kubwa.

Uchotaji wenyewe una adabu zake, na mwenye haraka huharibu kazi ya wiki. Chupa iwe imetakaswa maabara, usiisuuze na maji ya bahari, usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Simama upande mkondo unakoelekea, ili maji yaifikie chupa kabla hayajakufikia wewe na chombo chako. Izamishe ikiwa imeinama, mdomo ukikabili mkondo, kama sentimita 20 chini ya uso wa maji. Iache ijae, ukiacha nafasi kidogo juu ya kutikisia, kisha ifunge ikiwa mkononi. Siku ya mvua ongeza chupa ya pili ya juu kabisa, kwenye ule utando, na usishangae zikitofautiana sana. Weka chupa kwenye sanduku lenye barafu, chini ya nyuzi 10 za selsiasi, mbali na jua, lakini zisigande. Fika maabara siku hiyohiyo ukiweza, wala usipitishe saa 24. Andika papo hapo: saa, hali ya maji kama yanajaa au yanapwa, joto, chumvi, upepo, mvua ya siku tatu zilizopita. Karatasi hiyo ina thamani sawa na chupa. Namba isiyo na saa wala hali ya maji mimi huiweka pembeni.

Kile kipima chumvi cha mkononi, kidogo mnachotazamia kama darubini, kitawafaa kuliko mnavyodhani. Jibu la bakteria huja kesho au keshokutwa, jibu la chumvi huja ndani ya dakika moja. Mkikusanya namba zote mbili kwa msimu mzima, huenda mkaona kwamba kila chumvi inaposhuka chini ya kiwango fulani kwenye mstari wa kwanza, bakteria wanapanda. Kikishajulikana kiwango hicho cha kwenu, mna kengele mkononi.

Maabarani hakuna siri kubwa. Sampuli hugawanywa kwenye mirija kwa viwango vinavyopungua mara kumi kila hatua, huwekwa kwenye joto la nyuzi 44.5 ambalo kolifomu za kinyesi hulivumilia na wengine wengi hushindwa, na mirija iliyotoa gesi huhesabiwa. Kutokana na hesabu hiyo hukadiriwa idadi inayoelekea zaidi kuwa kweli. Ni makadirio: jibu la 23 linaweza kuwa chini ya 10 au kuzidi 60 kwa uhalisia. Kwa hiyo msibishane kuhusu 13 na 15. Tazameni mwenendo, na mkiona namba imeruka mara kumi, amkeni.

Sasa niseme jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Hata mkifanya yote haya, kolifomu na E. coli ni mashahidi wa kinyesi, basi. Hawaoni kila kitu. Kutapika na kuharisha kunakoanza kati ya saa 12 na 48 baada ya kula kunanifanya nifikirie virusi vya noro kwanza. Virusi hivi vinatoka kwa wanadamu, vinakaa ndani ya chaza kwa wiki kadhaa baada ya E. coli kutoweka, na matangi ya kusafishia yanayomaliza E. coli kwa siku mbili huviacha karibu vilivyo. Upande mwingine kuna bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao kwa kawaida hawategemei kinyesi. Wao ni wenyeji wa bahari, hupenda maji ya joto yenye chumvi ya wastani, na huongezeka ndani ya chaza aliyevunwa akiachwa juani. Mmoja wao, Vibrio vulnificus, anaweza kumuua mtu mwenye ugonjwa wa ini. Maji yenye kolifomu sifuri yanaweza kuwa nao. Dawa ya hao ni barafu tangu chaza anapotoka majini, na kuwaambia wazi wenye maradhi ya ini, wenye kisukari na waliodhoofika kinga wasile wabichi.

Kuhusu mlipo leo. Simamisheni uvunaji kwenye mistari yote minne, na toeni taarifa kwa mamlaka ya afya na ya uvuvi kabla wao hawajawafuata. Chaza wa siku ile waliobaki kwenye barafu msiwatupe, wapelekeni wapimwe. Msifungue kwa sababu tu chupa ya wiki ijayo imerudi nzuri. Majitaka ghafi yakimwagika kwenye maji ya chaza, kanuni ya Marekani hufunga eneo kwa siku 21, ikihesabu tangu umwagikaji ukome, isipokuwa kama vipimo maalumu vya virusi vinavyoshambulia bakteria, vikipimwa kwenye nyama, vinaonyesha hatari imepita. Mimi ningewashauri mzihesabu siku hizo 21 kikamilifu, kisha mpime nyama za mistari yote minne kabla ya kuvuna hata kikapu kimoja.

Baada ya hapo jiwekeeni sheria ya mvua. Nunueni kipimo cha mvua, kiwekeni karibu na kijito. Mvua kubwa ijayo ikinyesha, fungeni, kisha choteni siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano, ya saba, mpaka namba zirudi chini, na nyama nayo ipimwe mwishoni. Rudieni kwa mvua tatu au nne za ukubwa tofauti. Mtajua mvua ya milimita ngapi inawachafua, na kwa siku ngapi. Sheria hiyo itakuwa ya maji yenu, siyo ya kunakili kwa jirani, kwa sababu kijito cha jirani ni kingine na mkondo wake ni mwingine. Kama namba za kijito zitabaki juu hata siku za jua, ulizeni maabara kubwa kama inaweza kutambua bakteria wa Bacteroides wanaoishi kwenye utumbo wa binadamu. Kipimo hicho kitawaambia kama mkalishane na wafugaji wa ng'ombe au mtafute choo kinachovuja.

Na kila gunia litokapo majini, lifungieni kibao chenye namba ya mstari, tarehe na saa. Hamkuniambia chaza waliowaumiza wale watu walitoka mstari upi, na nadhani hamkuniambia kwa sababu hamjui. Kama ni ule wa karibu na kijito pekee, huenda ile mitatu iliyobaki ikaendelea kuwalisha huku huu mmoja ukihamishwa. Bamvua lijalo, maji yakishapwa, anzeni kutembea kutoka mstari huo kuelekea juu.